Fahali wa Mwenyekiti Alivyotoka Getini

Nilitambulishwa kwa wafanyakazi kama mwizi, kwenye maombi ya asubuhi, kabla sijaonja hata chai. Meneja wa kiwanda alinishika bega, akanisimamisha mbele ya umati uliovaa mabuti na aproni, akasema, "Huyu dada ni mgeni wetu. Amekuja kutuibia. Bodi imemruhusu. Mumpokee vizuri." Watu wakapiga makofi. Kisha aliyekuwa na zamu ya kuomba, mzee mmoja wa boila, akaniwekea mkono kichwani na kumsihi Mungu abariki kazi ya mikono yangu.

Nilitaka kumrarua meneja yule. Kazi yangu ni kuvunja mifumo ya kompyuta ya watu kwa idhini yao, ili waone mwizi wa kweli angepitia wapi, na jaribio la namna hiyo halina maana watu wakishajua. Nilikuwa nimemwandikia, nikampigia na simu, nikamsihi jambo libaki kati yetu na wakubwa wake wachache. Nilipomvuta kando kumuuliza, alinishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Lakini madam, mgeni akikuja hapa si lazima atambulishwe? Watu watauliza huyu ni nani anatembeatembea." Katika nchi ile ya chai, kati ya Kericho na Bomet, mgeni asiyetambulishwa ni jambo baya kuliko mwizi. Mimi mwenyewe nimezaliwa Kedowa, kwa wazazi waliohamia kutoka Mkoa wa Kati wakalima viazi, kwa hiyo ningepaswa kujua. Kiwanda chenyewe sitakitaja. Viko vingi, na vyote vinanukia sawa.

Kilichotakiwa kuibwa kilikuwa fahali. Naomba nieleze. Kumbukumbu za wakulima, yaani nani ameleta majani kilo ngapi, hazikuweza kuchezewa, kwa hiyo tulihitaji faili ya bandia, yenye uzito unaolingana, iwekwe kwenye seva palepale kumbukumbu hizo zilipo. Mimi nilipendekeza faili iliyojazwa herufi zisizo na maana. Mwenyekiti wa bodi, mzee mkulima mwenye kofia ya manyoya na heshima zake, alikataa katakata kiwanda chake kulinda takataka. Akaleta picha ya fahali wake, iliyopigwa na mpiga picha wa kulipwa siku ya maonyesho ya kilimo, kubwa kiasi kwamba ukiifungua unahesabu kope za mnyama. "Hii ndio watalinda," akasema. "Wakilinda hii, watalinda zingine."

Masharti yakawa hayo. Fahali akivuka ua wa kiwanda kwa njia yoyote iliyoruhusiwa kabla ya Ijumaa jioni, nimeshinda. Asipovuka, kiwanda kimeshinda.

Na upande wa pili wa ua huo alikuwako mtu wa ICT, mmoja tu kwa kiwanda kizima. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta ya kijani isiyovuliwa, mpole wa kuudhi. Alizaliwa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa mashamba makubwa, mama yake akiwa ametoka Magharibi kuja kuchuma chai. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule, na meneja alimwambia mbele yangu bila hata kushusha sauti: fahali akibaki, unatia sahihi mwingine, akitoka, tutatafuta mtu. Mkataba ukienda unaenda na nyumba ya kiwanda, ile ya mabati mekundu nyuma ya ghala la kuni, alimoishi na mama yake. Mama alikuwa ameacha kuchuma kwa sababu ya mgongo. Alipanda sukuma wiki, akafuga kuku wenye madharau waliokuwa wakiingia ofisini na kutoka bila kuulizwa na mtu.

Nilitamani yule kijana ashinde, na nilichukia kutamani hivyo. Mwizi hatakiwi kumhurumia mwenye mali. Tena utaratibu wetu hauruhusu huruma: unaanza na njia ya kimya kabisa, wakikushika unapanda kwa ile yenye kelele kidogo, unazidi kupanda hivyo mpaka ufaulu au njia zikuishie. Kuchagua njia ya kuhamisha faili ndiyo kazi yenyewe. Ya kimya huenda polepole na ya haraka husikika. Ni sawa na kutoka kanisani kabla ya sadaka: unaweza kunyata wakati wa wimbo, au ukapita katikati ukijua mchungaji anakutazama.

Nilipewa meza kwenye chumba kilichopakana na chake. Katikati palikuwa na ukuta wa plywood. Hatukuruhusiwa kuzungumza habari za jaribio, lakini nilimsikia akipiga chafya, naye bila shaka alinisikia nikitukana.

Nilianza kwa kumkata fahali vipande vidogo vidogo na kuvituma kimoja kimoja, vikiwa vimejichanganya na safari za kawaida za mtandao, kupitia kompyuta ya karani mmoja ambayo masharti yaliniruhusu kuitumia. Ni njia ya uvumilivu. Pembe moja ilitoka, sikio likafuata, nami nikaanza kujisifu. Mara nikasikia upande wa pili kiti kikisukumwa, na kipande cha shingo kikakwama. Alikuwa amefunga njia. Pembe na sikio havikuhesabiwa, maana masharti yalisema fahali mzima.

Tulipokutana kwenye meza ya chakula, kwa sababu mama wa jikoni alikataa kutupakulia tofauti ("Kwani mmekosana?"), uso wa yule mtu wa ICT uling'aa mpaka nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza alijuaje. Akasema, "Madam, ilikuwa saa ya chai." Sikuelewa. "Saa ya chai hakuna mtu hapa anaguza kompyuta. Hata meneja. Nikaona ya karani inaongea peke yake." Nilikuwa nimefanya kazi wakati wa chai, ndani ya kiwanda cha chai. Nilijiona mjinga wa mwisho.

Habari zilienea. Kufikia kesho yake kiwanda kizima kilikuwa kinafuatilia mchezo. Wa boila walikuwa upande wangu, nadhani kwa sababu ya yale maombi, na wa kukaushia majani walikuwa upande wa mtu wa ICT. Nikipita, watu wananiuliza kwa sauti, "Fahali ametoka?" Mama wa jikoni alinivuta nyuma ya sufuria akaninong'oneza, "Nitumie kwa WhatsApp, mimi nimtoe. Niko na bando." Nilimweleza kwamba siruhusiwi kutumia simu za watu. Alinihurumia kweli. "Pole. Sasa wanataka uibe na nini?"

Nikajaribu barua pepe. Nilimficha fahali ndani ya ripoti ndefu ya vipuri vya mashine, ripoti ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuifungua, nikaielekeza kwenye anwani yangu ya nje. Sikujua kwamba mtu wa ICT alikuwa ameweka sheria: barua nzito inayotoka nje hungoja kwanza ruhusa ya mkubwa. Na mkubwa aliyewekwa, kwa kuwa meneja hapendi kubofyabofya, alikuwa mwenyekiti. Alasiri nikapokea jibu kutoka kwa mzee mwenyewe: "Asante sana kwa picha. Ametokea vizuri." Hakumruhusu fahali kuondoka. Alimhifadhi kwenye simu yake, akawaonyesha wageni wa harusi huko Mogogosiek; hilo halikuhesabiwa, maana picha ni yake.

Niligeukia printa kubwa ya ofisini, ambayo ina kumbukumbu yake ya ndani na watu huisahau. Nilikusudia kumlaza fahali humo kimyakimya, nimtoe baadaye kupitia njia ambayo mafundi wa printa hutumia kuihudumia wakiwa mbali. Lakini printa ile ilikuwa na moyo wake. Iliamua kumchapisha. Na kwa kuwa hakutosha kwenye karatasi moja, ilimchapisha kwa mapande: kwato, kipande cha nundu, jicho moja lililojaa ukurasa mzima likimtazama karani wa mishahara. Wino uliisha kwenye mkia. Nilisikia vicheko hadi chumbani kwangu, na nyuma ya plywood mtu alikuwa anacheka kwa kwikwi huku akijaribu kujizuia, kwa adabu, kwa sababu yangu. Mapande yale yalibandikwa kwenye ukuta wa kantini, mpaka leo sijui na nani.

Ijumaa ikafika, nimebakiwa na njia moja, yenye kelele kuliko zote: kumbeba fahali kwa mkono, kwenye flashi, na kupita naye getini mchana kweupe.

Kompyuta zote za kiwanda zilikuwa zimezibwa zisipokee flashi, isipokuwa moja. Makarani wanaonunua majani kule kwenye vituo vya wakulima hurudi na lori la chai wakiwa na vifaa vyao vya mizani, na vifaa hivyo lazima vichomekwe mahali fulani ili kilo za siku ziingie. Hiyo ndiyo kompyuta iliyoachwa wazi. Nilichomeka flashi yangu hapo, nikamnakili fahali. Kengele ililia upande wa pili wa plywood, nikaisikia. Mtu wa ICT alijua kwamba fahali yuko kwenye flashi. Lakini hakuwa na wasiwasi, wala mimi sikuwa na matumaini, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa hilo zamani. Getini palikuwa na boksi la mbao lenye kufuli. Kila anayetoka hupekuliwa, na kila flashi hubaki ndani ya boksi. Alilipigania boksi lile mwaka mzima. Mlinzi alifunzwa jinsi ya kupekua begi, mifuko, hata viatu.

Kwa hiyo niliweka flashi kwenye mfuko wa nje wa begi, juu kabisa, zipu nikaiacha wazi. Ngazi ya mwisho ya kelele ndiyo hiyo: humfichi mnyama hata kidogo. Nilitembea kuelekea getini nikijua nitashikwa, na kwa mara ya kwanza wiki ile moyo wangu ulikuwa mwepesi. Yule mtu wa ICT alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, mikono kwenye mifuko ya sweta, anangoja kushinda. Mvua ya alasiri ilikuwa inaanza, ile ya huko isiyokosa.

Mlinzi aliponiona alitoka mbio kwenye kibanda chake na mwavuli, akanisalimu.

"Madam, chamgei! Wachana na hiyo bag. Mgeni habebi mzigo hapa."

Alininyang'anya begi. Nilisema, na hili niliruhusiwa kulisema, "Kwani hamupekui mabegi?"

"Tunapekuanga sana."

"Sasa hili?"

Alisimama katikati ya mvua akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Hiyo ni ya wafanyikazi. Wewe ni mgeni. Nitapekua aje mgeni? Na tulikuombea!"

Akainua kizuizi, akabeba begi langu na fahali wa mwenyekiti akiwa amelala kwenye mfuko wa wazi, akavuka ua, akalivusha kwenye dimbwi lisilowe, akaliweka kwenye kiti cha nyuma cha gari langu. Halafu akaliinamia dirisha akaniombea safari njema. Nilisema amina. Nilipogeuka, mlango wa ofisi ulikuwa hauna mtu.

Nililala kwenye gesti moja huko Kiptere nikajaribu kuandika ripoti. Fomu yetu ina kisanduku kinachouliza njia iliyotumika kuhamisha faili. Niliandika "flashi", nikafuta. Niliandika "mlinzi", nikaona nitamponza bure mtu aliyekuwa na adabu. Mwisho niliacha niliyoona ni kweli: "Ilibebwa na wenyeji, kwa heshima." Nililia kidogo kwa hasira, kisha nikala chapati.

Bodi ilikaa wiki iliyofuata. Palikuwa na chai, mandazi na maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Nilisimama nikasoma ripoti mpaka pale kwenye mwavuli, na vikombe vikawekwa chini. Mtu wa ICT alikaa karibu na dirisha, macho kwenye viatu.

Mkurugenzi mmoja, mama mfanyabiashara wa mjini, alisema, "Basi ametoka. Tulisema akitoka ni nini?"

Mwenyekiti aliinua kiganja. Alifikiri muda mrefu, na nikaona jinsi mzee mwema anavyotafuta njia. "Hebu niulize," akaniambia. "Huyu soja wetu, wewe ulimlazimisha?"

"Hapana, mzee."

"Ulimdanganya?"

"Hapana."

"Ulitoroka na hiyo bag?"

"Alinibebea yeye."

Akawageukia wenzake. "Sasa mnaona. Mtu akitoka kwa boma yangu na kitu, na mimi ndio nimembebea mpaka kwa gari, huyo ni mwizi? Hiyo ni zawadi. Huyu msichana hajaiba. Tumempatia."

Chumba kizima kilishusha pumzi. Wakurugenzi walitikisa vichwa kwa raha, maana hakuna aliyetaka kumfukuza mtu, na mtu wa kawaida akiokolewa na akili za mzee watu hufurahi. Ilikubaliwa kwamba fahali hakuibwa bali alitolewa, kwamba kiwanda kimeshinda, na kwamba mkataba utiwe sahihi leo hii. Mama wa mjini alinipongeza kwa zawadi. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilipiga makofi.

Mtu wa ICT alisimama.

"Mzee, kongoi," akashukuru. "Kongoi mising. Lakini ameibiwa."

Mwenyekiti alidhani hakusikia. "Kijana, tumemaliza. Keti unywe chai."

"Ameibiwa, mzee. Mimi niliwaambia wageni pia wapekuliwe. Mkasema niko na madharau, wageni wa bodi hawapekuliwi. Mkiandika ni zawadi, hiyo gate itakaa tu hivyo. Na siku mwizi mwenyewe atakuja na tai na gari kubwa, atabebewa kilo za wakulima na mwavuli." Aliwataja wakulima mara moja tu, lakini nusu ya waliokaa pale ni wakulima, na nikaona shingo zikinyooka.

"Unajua tukiandika ameibiwa ni nini?" mwenyekiti akamuuliza, polepole.

"Najua."

"Na mama yako je?"

Hapo aligeukia dirisha. Nilimwombea aketi. Nilimkasirikia sana, nilitaka kumrushia andazi. Alikuwa anatupiwa kamba na watu waungwana, naye anaikata.

"Muandike ameibiwa," akasema. "Na muandike wageni wapekuliwe."

Wakaandika yote mawili. Hawakuwa watu wa kuvunja neno lao, na neno la kwanza lilikuwa kwamba fahali akitoka, mkataba haupo. Mwenyekiti alisaini wa mwisho. Kisha wakamfanyia karamu ya kumuaga, wakachinja, na yule mzee wa boila akaomba mpaka chakula kikapoa.

Nilirudi mwisho wa mwezi kuchukua vyombo vyangu, nikakuta pikapu getini imebeba kitanda, sufuria na tenga la kuku waliokuwa bado na madharau yao. Mama yake alikuwa mbele, karibu na dereva. Mlinzi alikuwa amepewa amri mpya: kila anayetoka, awe nani. Alikuwa hajapata bado ujasiri wa kuitekeleza kwa mtu mwenye umri. Alizunguka pikapu, akafunika mdomo, akafunua sufuria moja akaifunika haraka kama aliyechungulia chooni.

"Si hivyo," yule kijana akamwambia, akashuka. "Anza na mimi. Vizuri."

Akanyoosha mikono kwenye manyunyu. Mlinzi akampapasa mabega akiomba radhi kila hatua: samahani boss, pole boss. Akapekua mifuko ya suruali. Akamvua kiatu, akakikung'uta. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani wa sweta ya kijani, akatoa flashi.

Hata kijana mwenyewe alishtuka, nilimwona. Alikuwa ameisahau humo.

"Boss, hii ni nini?"

"Vyeti vyangu. Na barua za kuomba kazi."

Mlinzi aliishika kama kifaranga. Alinitazama mimi, akautazama mlango wa ofisi, akamtazama mama kwenye pikapu. Machozi yalimjaa. "Boss, sheria ni yako," akasema.

"Weka kwa boksi."

Akaiweka. Ilisikika ikigonga mbao chini. Yule kijana alivaa kiatu, akakifunga kamba, akapanda, na mama yake akamgeukia kwa ukali, "Wamechukua nini?"

"Vyeti."

"Vyeti! Sasa utaomba kazi na nini?"

"Mama," akasema, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile, "umeona vile ameangalia mpaka kwa kiatu?"